Shule Isiyofungwa kwa Theluji

Janelle Hoekstra hakupanga kulisema neno lile siku ile. Lilimponyoka Jumapili mchana, mezani kwa mama mkwe wake, viazi vya kuponda vikiwa bado vinafuka mvuke, na neno likishatoka halirudi. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Janelle alijikwaa ulimi, akaanguka na nyumba nzima.

Kwa Verna Hoekstra, kama kwa wazee wengi wa upande ule wa Iowa ambao babu zao walitoka Uholanzi, mlo hauishi kwa kushiba. Huisha kwa Kitabu. Sahani zikishasukumwa pembeni, Biblia hutolewa kwenye kabati la vikombe, mmoja husoma, sala ya kufunga huombwa, ndipo mtu anaruhusiwa kuinuka. Hata ukiwa umebanwa na haja utakaa palepale na kukunja miguu. Mtoto akitimiza miaka tisa huingizwa kwenye zamu ya kusoma, na Karis, binti mkubwa wa Janelle, alikuwa ametimiza miaka tisa mwezi wa Agosti.

Karis hakuweza kusoma. Herufi alizijua, moja moja, kama mtu anavyowajua majirani zake. Zikishakaa pamoja kwenye mstari ndipo zilipomchanganya. Shuleni walikuwa wanasoma kwa sauti kwa zamu, naye alikuwa anahesabu vichwa vilivyokaa mbele yake, anatafuta aya itakayomwangukia, anamsikiliza mwenzake wa pembeni akiinong'ona, anaikariri mpaka zamu ifike. Siku moja mtoto wa mbele akaomba kwenda chooni. Hesabu ikavurugika. Karis akasimama, akasoma kwa ufasaha kabisa aya ambayo haikuwa yake. Darasa lilicheka mpaka mwalimu naye akafunika mdomo. Tangu siku ile akawa anatapika kila asubuhi basi la shule likikata kona ya ghala la mahindi, na mwalimu alipoulizwa alisema ni utoto tu, utamtoka.

Sasa Jumapili ile Verna alikiweka Kitabu mbele ya mtoto huyo, akakifungua penye utepe.

"Haya, mjukuu wangu. Mistari kumi tu."

Karis alianza. Mstari wa kwanza aliuvuka. Wa pili ukamshinda. Saa ya ukutani ikasikika, na Wyatt, mdogo wake wa miaka sita, akaanza kuyumbayumba kitini kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amebanwa.

"Tunasubiri," alisema Verna, wala hakusema kwa ubaya. "Mimi nina siku nzima."

Chozi la Karis likadondoka kwenye ukurasa. Janelle alinyoosha mkono akakifunga Kitabu.

"Hasomi," alisema. "Na kesho haendi shule. Nitamfundisha mwenyewe, nyumbani. Wote wawili nitawafundisha."

Darrin, mume wake, aliyekuwa anasikia habari hiyo kwa mara ya kwanza kama kila mtu mwingine, alibaki na kikombe cha kahawa kati ya meza na mdomo. Verna alijifuta midomo kwa kitambaa. Mwanamke huyu alikuwa amefundisha darasa la tatu katika shule ile ya mji kwa miaka thelathini. Nusu ya watu wazima wa mji walijifunza kugawanya mikononi mwake, Janelle akiwa mmoja wao.

"Utawafundisha wewe."

"Ndiyo, Mama."

"Janelle, mimi ndiye niliyekufundisha kugawanya. Ulilia wiki mbili."

"Basi mimi nitawafundisha bila kuwaliza."

Jibu lile lilikuwa tamu mdomoni, na Janelle alilifurahia kwa muda wa kumeza mate. Verna alikikunja kitambaa chake mara mbili.

"Vizuri. Pasaka nitampa Kitabu tena, hapahapa. Akisoma, nitafunga mdomo wangu na hutanisikia. Asiposoma, wiki inayofuata anapanda basi kama watoto wengine. Darrin, nimesema vibaya?"

Darrin alimtazama mama yake, akamtazama mke wake, akachagua kutazama kahawa. "Si vibaya," alisema. "Ni haki tu."

Hivyo ndivyo Janelle alivyofungwa, na kamba aliisokota mwenyewe. Akishindwa, mtoto anarudishwa kwenye basi la matapishi na darasa la vicheko, tena safari hii akiwa na sifa ya kushindikana hata nyumbani. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Wiki ileile aliacha kazi. Alikuwa anakaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, kazi ambayo watu waliiona ndogo na yeye aliipenda kupita kiasi. Alipenda kuwajua watu kwa meno yao. Alipenda umbea wa saa sita, kahawa ya bure, dirisha kubwa lililotazama barabara. Wenzake walimwokea keki, wakamwambia ana moyo mkubwa, na mmoja akamuuliza kwa upole kama amefikiri vizuri. Janelle akasema amefikiri sana. Ukweli ni kwamba alikuwa amefikiri kwa muda wa mistari miwili ya Biblia.

Kisha akateremka kwenye chumba cha chini ya nyumba, kule kunakokaa tanuri la kupashia joto na mashine ya kufulia, akaanza kujenga shule. Naomba tumwelewe. Mtu aliyekulia shuleni, aliyefundishwa na mama mkwe wake, akiambiwa fundisha, atajenga kitu gani kingine? Kwenye mnada wa vitu vya shule ya shamba iliyofungwa alinunua madawati mawili ya mbao, yale yenye kiti kilichoungana na meza. Akatundika ubao. Akatundika bendera ili kila asubuhi wasimame na kuiapia, mkono kifuani, kama inavyofanyika mjini. Akaagiza vitabu, vikaja ndani ya maboksi, pamoja na mwongozo uliomwambia mwalimu neno kwa neno aseme nini na mtoto ajibu nini.

Verna alikuja kukagua. Alizunguka madawati, akapitisha kidole kwenye ubao, hakutoa kasoro. Mwisho akafungua mkoba akatoa kengele ya shaba yenye mpini wa mbao, ile aliyopewa na walimu wenzake siku ya kustaafu.

"Chukua. Shule bila kengele ni banda la kuku."

Janelle hakujua kama amepewa zawadi au amepigwa kijembe. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya meza yake, na tangu siku hiyo akaipiga kila asubuhi saa mbili na dakika kumi, saa ileile inayopigwa kengele mjini.

Mtu aliyejaribu kumwokoa ni Lois Veldkamp. Lois alikuwa na watoto sita ambao hawajawahi kukanyaga darasa hata siku moja, gari kubwa lenye makombo kila kiti, na kicheko cha kushtua ng'ombe. Alileta mkate, akashuka ngazi kutazama, akasimama mlangoni akiwa bado na koti.

"Mungu wangu, Janelle. Umemtoa mtoto shuleni, halafu ukaibeba shule yenyewe na kuileta nyumbani. Mpaka kengele?"

"Wanahitaji utaratibu."

"Wanahitaji usingizi. Sikiliza, dada. Huyu mtoto ametoka vitani. Mwache. Funga hayo maboksi. Kaanga naye mayai, msomee hadithi mkiwa kitandani, mtembeze, mpaka shule imtoke mwilini. Sisi wote tulianza na madawati. Nenda kachungulie banda langu la zana, utayakuta mawili, kuku wanatagia humo."

"Wewe huna Pasaka," alisema Janelle.

Lois hakuelewa, na Janelle hakuwa na nguvu ya kumweleza. Angemwelezaje? Kwamba mwezi mmoja wa kukaanga mayai ni mwezi mmoja umekatwa kwenye kamba fupi? Alimshukuru kwa mkate. Lois alipoondoka, gari lake lilisikika mpaka njia kuu, kisha kimya kikarudi na kukaa mahali pake.

Kimya kile ndicho ambacho hakuna aliyemwonya juu yake. Darrin aliendesha lori la nguruwe, anaondoka kabla hakujapambazuka na kurudi ananuka, amechoka, anauliza, "Imekwendaje shule?" na kusinzia kabla ya jibu. Janelle alikaa chini ya ardhi. Madirisha ya chumba kile yalikuwa membamba, juu kabisa, usawa wa nyasi, na theluji ya Desemba ilipoanza kulala haikuyeyuka tena, ikayaziba moja baada ya jingine. Taa ilikuwa inawashwa asubuhi na kuzimwa jioni. Dukani aliacha kwenda mchana, kwa sababu kila mtu alikuwa anawatazama watoto na kusema kwa sauti ya sukari, "Leo hakuna shule?" Kanisani mwalimu wa zamani wa Karis alikaa kiti cha mbele yao, na mahubiri yakianza, pipi za mnanaa zinapopitishwa kutoka mkono hadi mkono kama ilivyo desturi, alikuwa anageuka na kumpa Karis yeye mwenyewe, akitabasamu. Karis aliishika ile pipi mkononi mpaka ikayeyuka.

Wakati mwingine Janelle aliingia stoo ya vyakula, akafunga mlango, akasimama kati ya makopo ya maharage. Hakulia. Alisimama tu, kwa sababu ndicho chumba pekee ambamo mtu hakumwita. Alikuwa ameanza kuikumbuka kliniki ya meno kama wengine wanavyomkumbuka mchumba wa kwanza.

Na kadiri alivyobanwa ndivyo alivyobana. Mtu aliyefungwa hutafuta wa kumfunga. Watoto walivaa viatu kushuka ngazi za nyumba yao wenyewe. Walinyoosha mkono kuomba kwenda chooni. Saa za masomo walimwita Bi Hoekstra, kwa sababu mwongozo ulisema watoto wa nyumbani huchanganya mapenzi na masomo. Siku moja Wyatt alijichoma kidole kwa bikari. Akanyoosha mkono wake mwingine, damu ikidondoka kwenye dawati, akangoja. Janelle alikuwa ameelekea ubaoni.

"Ndiyo, Wyatt?"

"Bi Hoekstra, naomba ruhusa. Namtaka Mama."

Janelle alimbeba mpaka juu, akamfunga kidole, akacheka naye sana, na jioni akamsimulia Darrin kama kichekesho. Alipokisimulia mara ya pili, siku iliyofuata, kwenye simu na Lois, sauti ilimkatikia katikati na akasingizia mtandao.

Kusoma kwa sauti kulikuwa saa tatu, kila siku, Karis amesimama kando ya dawati. Aliendelea. Lazima niseme ukweli, aliendelea kidogo: mistari miwili ikawa mitatu. Lakini alisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe yanayoteleza, huku macho yakienda kwa mama yake kila baada ya neno. Akikosea, Janelle hakupiga kelele. Alisema tu, "Rudia." Mwongozo ulisema hivyo. "Rudia." Kisha Pasaka ilikuwa inampita kichwani, na alikuwa anasema tena, "Rudia, Karis, ulilijua hili neno jana."

Baada ya Mwaka Mpya Karis alitapika kwenye sinki la kufulia, dakika chache kabla ya saa tatu. Alisema ni mayai. Janelle akasema ndiyo, lazima ni mayai, akafuta sinki, na wiki hiyo wote walikula uji. Ijumaa akatapika uji. Janelle akasema kuna homa ya tumbo inazunguka mjini. Homa hiyo hakuisikia kwa mtu yeyote; aliitunga akiwa ameinama na dekio.

Siku zilezile vijiko vilianza kupungua. Alifungua droo akakuta viwili, na nyumba ilikuwa na zaidi ya kumi. Alimlaumu Wyatt.

"Umechimbia wapi vijiko vyangu?"

"Sijachimbia."

"Theluji ikiyeyuka nikivikuta uani utanieleza."

Wyatt alimtazama dada yake, dada yake akatazama soksi. Janelle akaendelea kukoroga sufuria kwa uma. Nje hali ya hewa ilikuwa ya baridi kali lakini mbingu safi, buluu tupu, usiku hadi usiku. Hakukuwa na dalili ya wingu.

Dhoruba ilikuja kinyume na utabiri, ikapiga tangu jioni mpaka alfajiri. Kulipokucha ukibisha hodi kwa jirani ungebisha kwenye paa. Lori la Darrin lilikuwa limekwama mji mwingine, akapiga simu kusema amelala garini na yuko salama. Redio ya jikoni ilikuwa inasoma orodha ya shule zilizofungwa, wilaya baada ya wilaya, kwa sauti ileile nzito ambayo Janelle aliisikiliza akiwa mtoto, ameshika pumzi mpaka jina la shule yake lifike. Likafika. Ya mji imefungwa. Kutoka juu alisikia miguu ya watoto ikipiga sakafu.

Naye alifikiri nini? Alifikiri: siku moja ya faida. Mjini wamelala, sisi tutasoma. Tutawapita. Alimimina kahawa, akachukua kengele ya shaba, akasimama chini ya ngazi na kuipiga.

Miguu ikanyamaza.

Wyatt alichungulia kwanza. "Redio imesema imefungwa."

"Ya mjini. Mwalimu wa mjini barabara imemzuia. Mwalimu wenu amelala hapahapa." Alijaribu kutabasamu. "Shule yetu haina theluji. Vaeni viatu."

Karis akatokea nyuma ya mdogo wake. Alishuka ngazi polepole, mkono ukutani, na Janelle alikuwa ameshafungua mdomo kumwambia arudi akabadilishe nguo za kulalia, ndipo alipoona. Mishono ilikuwa nje. Nyuzi, pindo, kile kitambaa kidogo chenye maelezo ya kufulia kinachokwaruza shingo, vyote nje. Wyatt hivyohivyo. Kila mtoto wa kule anajua, na kila mama alikuwa mtoto: ukitaka theluji ije ifunge shule, unalala na pajama iliyogeuzwa ndani nje, na kijiko chini ya mto.

"Kumbe ndiyo vijiko vyangu," alisema Janelle. Bado alikuwa anatabasamu. "Mmeiita nyie hii dhoruba?"

"Karis ndiye," alisema Wyatt kwa fahari. "Mimi leo tu na jana. Yeye kila siku tangu Krismasi. Ana vijiko vingi, mpaka halali vizuri."

"Kila siku? Lakini Karis, mpenzi, wewe huendi tena shule ya mjini. Ulikuwa unataka shule gani ifungwe?"

Alipokwisha kuuliza ndipo alipojua. Angetoa chochote alirudishe swali mdomoni, lakini ulimi wake haukuwa na mazoea hayo.

Karis alikuwa ameshika chuma cha ngazi kwa mikono miwili. Alijibu kama alivyojibu maswali yote siku hizi, akimtazama mama yake machoni kuona kama jibu ni sahihi.

"Hii," alisema.

Janelle alikaa kwenye ngazi. Kengele ilikuwa bado mkononi na ililia kidogo ilipogonga ubao wa ngazi, akaifunika kwa gauni. Alimtoa mtoto kwenye darasa moja kwa sababu lilimtapisha, akamjengea lingine chini ya kitanda chake mwenyewe, akasimama mlangoni. Kule kwingine angalau basi lilimrudisha saa tisa. Hapa angerudi kwa nani? Uchungu ulimpanda kwa nguvu kiasi kwamba aliona aibu mbele ya watoto, na bado hakuweza kuuzuia.

"Mama," alisema Wyatt, "leo ni Mama au ni Bi Hoekstra?"

"Mama," alisema Janelle. "Nendeni nje."

"Tuvae viatu?"

"Vaeni mabuti, Wyatt. Mnaenda kwenye theluji."

Mlango wa mbele ulikataa kufunguka kwa theluji, wakatokea dirisha la sebuleni na mabeseni ya plastiki ya kutelezea. Alibaki jikoni akiwatazama. Karis aliangukia mgongo kutoka juu ya lundo, akacheka, na Janelle hakukumbuka mara ya mwisho kukisikia kicheko kile, alihesabu nyuma mpaka akafika kwenye majira ya joto, akaacha kuhesabu.

Simu ikalia. Verna alikuwa akipiga kila siku ya theluji kuuliza kama tanuri linawaka.

"Linawaka, Mama."

"Na wanafunzi wako? Nadhani leo mnafurahia kuwapita wa mjini."

"Wako nje. Tumefunga."

"Umefunga shule iliyo chini ya ngazi zako, kwa sababu ya theluji iliyo barabarani."

"Ndiyo."

Janelle alingoja kijembe. Aliusikia mvuto wa pumzi, kisha kikombe kikiwekwa kwenye kisahani.

"Unalijua gauni langu la kulalia, lile la maua?" alisema Verna. "Kila Februari nilikuwa nalivaa ndani nje. Miaka thelathini. Baba mkwe wako Harlan, Mungu amrehemu, alikuwa ananicheka mpaka anakohoa. Watoto waliomba theluji mara moja kwa wiki. Mimi niliomba kila siku."

"Hukuwahi kusema."

"Ningemwambia nani? Nilikuwa mwalimu." Alikohoa, na sauti yake ya kawaida ikarudi. "Lakini Pasaka ni Pasaka."

Nje Karis alikuwa amemzika Wyatt mpaka kiunoni. Janelle alibana simu kwa bega, akashika ukingo wa sinki.

"Pasaka hatasoma, Mama. Nakwambia sasa hivi usije ukangoja. Na basi hapandi."

"Tulikubaliana."

"Mlikubaliana wewe na Darrin. Mimi nilikuwa nimefunga Kitabu."

"Na watu wakikaa mezani kwangu, mlo umeisha, nani atasoma ili waruhusiwe kuinuka?"

"Nitasoma mimi. Ama tutakaa mpaka Pentekoste."

Verna alisema kuna kitu kinaungua jikoni, na simu ikakatika. Janelle alilifahamu jiko lile kama alivyolifahamu la kwake, na alijua kwamba Verna, siku za theluji, hula mkate baridi. Hakujua maana yake nini. Hakujua Darrin atasema nini akirudi, wala kesho atamfundishaje mtoto ambaye hajui kumfundisha kwa njia nyingine yoyote. Kazi yake ilikuwa na mtu mwingine sasa, amekaa kwenye dirisha lake. Mlango wa mbele ulikuwa bado umezibwa.

Siku nzima hakushuka ngazi. Alipika viazi na soseji, akawasomea hadithi kwenye kochi, wakilowanisha mito kwa nywele zao, na Karis akasinzia ubavuni kwake kabla hadithi haijaisha. Jua lilipozama greda la theluji lilipita njia kuu likimulika kuta, na redio ikasema barabara ziko wazi, kesho shule zote zitafunguliwa kama kawaida.

Wyatt aliguna. Karis, aliyekuwa ameamka, hakuguna. Alitazama mlango wa kuteremkia chini, kisha akamtazama mama yake.

"Na yetu?"

Janelle alitaka kusema hapana, haifunguliwi tena kamwe. Lakini alikuwa ameshasema maneno makubwa mara moja, Jumapili ile mezani. Alikwenda chumbani, akafunga mlango. Watoto walisikia kabati. Alipotoka alikuwa amevaa gauni lake la kulalia la pamba, na Karis alimtazama kifuani, akamtazama mabegani, akasogea, akapitisha kidole kwenye mshono uliokuwa nje.

"Mama, umeligeuza."

"Najua," alisema Janelle. "Nipe na kijiko."

Karis alipanda mbio chumbani kwake. Aliinua mto, akachagua, akarudi na kile kikubwa kuliko vyote, cha kupakulia mchuzi.